Marehemu wa Tatu wa Sanda Jazz

Msiba wa Wahehe ukikosa mtani umepwaya, na msiba wa Silvester Kalinga haukupwaya hata kidogo. Inspekta Isakwisa aliposhuka kwenye Landrova ya polisi pale Mlandege, Iringa, alikuta mtu mzima wa miaka hamsini amejilaza chali kwenye mkeka kando ya jeneza. Alikuwa amevaa gauni la mama wa marehemu juu ya suruali yake, na kofia ya sufu kichwani, anarusha miguu na kulia kwa sauti ya kike.

"Mwanangu Kalinga, uuuwi! Umeniacha na nani, na ugali hukumaliza!"

Waombolezaji walikuwa wanacheka huku makamasi yanawatoka.

Mtu huyo alikuwa Shija Limbu, Msukuma wa Usangu, mpiga gitaa na mwasisi wa bendi ya Sanda Jazz. Wasukuma na Wahehe ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Atamtukana maiti, atavaa nguo za wafiwa, atazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Ukimkasirikia, mwenye makosa ni wewe. Isakwisa alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na utani huu haukumhusu. Alisimama pembeni, mikono mfukoni, baridi ya Juni ikimuuma masikio.

Hakuja kuomboleza. Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, Kalinga alikufa ndani ya sanduku mbele ya umati uliokuwa unampigia makofi. Sanduku lilikuwa na kufuli, kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mnenguaji wa bendi, Evarista. Sasa Evarista alikuwa amekalia sementi ya mahabusu Mbeya.

"Msichana alikuwa na ufunguo," mkuu wa upelelezi alikuwa amemwambia Isakwisa. "Makaa aliwasha yeye. Na wiki ileile aligombana na marehemu, bendi nzima imesikia. Unataka nini tena, malaika ashuke atoe ushahidi? Jumatatu faili linakwenda kwa mwanasheria wa serikali."

Kesi ya kuua kwa kukusudia ina mwisho mmoja, na mwisho huo ni kamba. Isakwisa aliomba ruhusa ya kuhudhuria mazishi. Alipewa, pamoja na mafuta ya kwenda tu. Ya kurudi ajitegemee.

Kifo kile hakieleweki mpaka uijue bendi. Sanda Jazz ilizaliwa Mafinga mwaka wa sitini na moja, miongoni mwa vibarua wa mashine za mbao. Gogo lilikuwa limemponda mwenzao, wakamchongea jeneza, ndugu zake wakaja na la kwao. Jeneza la ziada likabaki kambini. Jumamosi moja, gitaa likilia, kijana Shija akajilaza ndani kwa mzaha, akafunikwa, na kiitikio kilipofika akachomoka. Wanawake walikimbia, mmoja akazimia. Wiki iliyofuata watu walitoka hadi Nyololo kuja kutishwa.

Shija akajua amepata riziki. Wakaanza kujipaka majivu usoni, wakashona mashati ya magunia, wakatundika mafuvu ya ng'ombe wa Usangu juu ya spika. Magitaa waliyapiga kwa kasi na makelele, kama msumeno unaopita kwenye fundo la mti, na nyimbo zao zote zilikuwa za mumiani, makaburi na wafu wenye madai. Walutheri waliwalaani mimbarini na Wakatoliki wakawalaani, jambo pekee walilokubaliana mwaka ule. Maofisa utamaduni waliwafungia, wakafunguliwa, wakafungiwa tena. Bendi haikufa.

Mwimbaji wa sandukuni aliitwa Marehemu, na jina lilirithiwa. Marehemu wa kwanza alikuwa Shija mwenyewe, mpaka mgongo ulipomkataa. Wa pili alikufa lori la bendi lilipopinduka karibu na Nyololo. Walimzika Jumatano na Jumamosi wakapiga muziki kwa sanduku lilelile. Wa tatu alikuwa Kalinga.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Marehemu anaingia sandukuni, Evarista anafunga kufuli, taa zinazimwa inabaki balbu moja nyekundu. Bendi inapiga wimbo mrefu wa mwisho. Marehemu anagonga kutoka ndani, ngoma inamjibu. Wimbo ukiisha Evarista anafungua, moshi unafumka, Marehemu anainuka. Moshi ulitoka kwenye kopo la makaa na ubani lililokaa katika chumba kidogo miguuni, kimetengwa na ubao, chenye matundu ya kutolea moshi nje.

Watu wa nyanda hizi hawahitaji daktari kuwaambia makaa yanafanya nini mahali palipofungwa. Kila msimu wa baridi kuna nyumba inayoamka na maiti pembeni ya jiko. Jumamosi ile mtu alikuwa ameupandisha ubao wa kutenga upana wa kidole, na matundu ya nje yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya gunia. Kalinga aligonga. Ngoma ikamjibu. Akagonga zaidi, ngoma ikazidi kumjibu, na watu wakaambiana kwamba Marehemu hajawahi kugonga vile. Walikuwa wanasema kweli.

Isakwisa alikuwa amelifumua sanduku lile peke yake, ubao kwa ubao. Lilikuwa jipya kabisa. Fundi Jailos wa Mafinga alilichonga kwa paini mbichi, na lilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza usiku uleule. Joto la makaa lilikuwa limeukamua utomvu kwenye mafundo ya mbao. Juu ya mfuniko, upande wa kichwani, kulikuwa na doa la utomvu upana wa kiganja, na ndani ya doa nywele fupi za kipilipili zimenasa. Doa lilikuwa nje. Kalinga alikuwa ndani. Jambo hili Isakwisa hakumwambia mtu.

Pale uani, mwanamke mmoja wa jikoni alimvizia Shija kwa nyuma akampokonya kofia. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Kichwa cha Shija kilikuwa kimenyolewa kipara, kinang'aa.

"We Shija!" alipiga kelele Mama Matilda, mama wa marehemu, mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga kiunoni. "Umenyoa kabla hatujazika? Mimi niliyemzaa sijanyoa!"

"Nyie wavivu, mama! Nimewahi, wembe usije ukaniishia makali kwenye vichwa vyenu!"

"Mwe! Mtani huyu kapungukiwa!"

Walicheka wote isipokuwa Isakwisa. Kando yake alisimama Faustin, mpiga ngoma wa bendi, kijana mnene mwenye macho yaliyovimba kwa kulia.

"Faustin, mtani naye hunyoa?"

"Aa, hapana, afande. Wanaonyoa ni wa damu, tena baada ya kuzika, siku ya kuondoa matanga. Yule anaigiza tu."

"Tangu lini amenyoa?"

"Mimi ndiyo naona leo. Tangu tumetoka Mbeya hajavua kofia. Tulisema ni baridi."

Shija hakudai kofia yake. Alikuwa amepandwa na mchezo. Alivua gauni, akajilaza kando ya benchi, akaanza kugonga ubao wa chini kwa ngumi. Watu walielewa mara moja anamwigiza nani, wakasogea. Shija akabana koo, ikatoka sauti nyembamba ya Kalinga, sauti iliyojulikana Iringa nzima.

"Eva! Eva, kufuli! Kufuli, Eva! Eva mama, kufuli!"

Alikohoa, akatoa ulimi, akafa. Watu walianguka kwa kucheka. Mama Matilda alicheka mpaka akamshika jirani yake begani, akajifuta machozi kwa pindo la khanga, akasema, "Yaani ni yeye kabisa, ni mwanangu kabisa." Isakwisa alimgeuzia mama yule mgongo.

Aliokota kofia iliyokuwa imetupwa kwenye majani, akaitia mfukoni. Kisha akamvuta Faustin nyuma ya nyumba, penye kuni.

"Jumamosi ulisikia sauti ya Kalinga kutoka sandukuni?"

"Sauti? Sauti haisikiki, afande. Mbao nene vile, na magitaa matatu yanaunguruma? Unasikia kugonga tu, tena kwa sababu sanduku liko jirani na ngoma zangu."

"Kalinga alikuwa na kawaida ya kumwita Evarista akiwa ndani?"

"Hata siku moja. Marehemu haongei. Ndiyo sheria ya kwanza ya Shija. Maiti akiongea, watu wanajua ni mtu."

"Shija alikuwa wapi wimbo ulipokuwa unakwisha?"

"Kule kwake, kwenye amplifaya." Faustin alifikiri. "Ila gitaa lake lilinyamaza."

"Lilinyamaza?"

"Kama amelishusha. Sisi tukasema mzee leo kampa Marehemu nafasi asikike. Mimi ndiyo nikazidisha ngoma. Afande, nilikuwa namjibu. Kila akigonga, namjibu. Nilifurahi, afande. Nilidhani leo tumeelewana."

Isakwisa alimwacha akiwa ameegemea kuni.

Alisubiri wazike. Shija alizuia jeneza mlangoni, akapewa jogoo, akaliachia. Makaburini akaingia shimoni, akadai shuka, akapewa, akatoka. Alitimiza kila kitu cha mtani bila kusahau hata kimoja. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Isakwisa alimgusa kiwiko.

"Mzee Shija, twende kituoni kidogo. Kuna mambo ya maelezo yako."

"Na jogoo wangu?"

"Njoo naye."

Chumba alichoazimwa kituo cha Iringa kilikuwa na meza, madirisha mawili yasiyofungika, na konstebo wa kuandika. Mfuniko wa sanduku, uliokuja na Landrova kutoka Mbeya, ulikuwa umelazwa juu ya mabenchi mawili. Shija aliuona alipoingia. Alimweka jogoo chini, miguu imefungwa, akaketi.

"Maelezo yako yanasema ulikuwa kwenye amplifaya, hukusogea mpaka taa zilipowashwa," alisema Isakwisa.

"Ndivyo."

"Hukulikaribia sanduku?"

"Nilikaribie nina kazi gani nalo?"

"Leo pale msibani umesema Kalinga aliita, 'Eva, kufuli.' Umelitoa wapi?"

Shija alitabasamu. "Utani, afande. Nyie Wanyakyusa watani hamna? Maneno ya mtani hayashikwi. Ukinishtaki kwa utani, hakimu mwenyewe atakucheka."

"Kweli." Isakwisa alitoa kofia mfukoni, akaigeuza ndani nje. Juu ya sikio la kulia sufu ilikuwa imegandamana, ngumu na ya manjano. Aliisukuma mezani. "Nusa."

"Nuse kofia yangu?"

"Inanuka paini."

"Mimi mtu wa Mafinga. Sisi hata chai yetu inanuka paini."

"Mara ya mwisho kushika mbao ilikuwa lini?"

Shija alimsogeza jogoo kwa mguu.

"Utomvu ukiingia kwenye nywele hautoki kwa sabuni," Isakwisa aliendelea. "Dawa yake ni wembe. Ungenyoa Jumapili pale Mbeya, wenzako wangekuuliza. Ukavaa kofia. Ukasubiri msiba, mahali pekee ambapo Msukuma akijinyoa kabla ya wafiwa, Wahehe watacheka badala ya kuuliza. Ulihesabu vizuri. Angekuja Mhehe kukupeleleza, hata yeye angecheka."

"Nywele ni nywele, afande. Hizo za kwenye mfuniko utasema ni zangu kwa alama gani? Zina jina?"

Konstebo aliinua kalamu. Isakwisa hakuwa ametamka neno lolote kuhusu nywele za kwenye mfuniko.

Shija alijigundua mwenyewe, akafumba mdomo. Wala halikutosha, na Isakwisa alijua halitoshi. Wakili yeyote angesema mzee ameliona doa toka mlangoni. Aliinuka, akaenda kwenye mfuniko, akainama, akagonga kwa chini. Ngo, ngo, ngo.

"Aligonga hivi?"

Shija aliangalia ukuta.

"Au hivi?" Ngo-ngo. Ngo-ngo.

"Afande, acha."

"Faustin anasema alikuwa anagonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi."

"Faustin hajui kitu."

"Yeye ndiye alikuwa karibu kuliko wote. Nitaandika hivyo: kama mgeni aliyekuja kuazima chumvi." Isakwisa aligonga tena, kivivu, kwa kifundo kimoja cha kidole. "Konstebo, andika, alikufa bila ya..."

"Siyo hivyo!" Shija alikuwa amesimama. "Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake siku zote! Miaka minne nagombana naye. Kalinga, wewe umezikwa, unataka kutoka! Yeye anagonga kama mkwe mlangoni. Sogea."

Isakwisa alisogea. Mzee yule alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya mfuniko, akagonga. Kwanza ngumi mbili kwa pamoja, haraka, bila mpango. Kisha kimya kirefu kuliko inavyostahili. Kisha kiwiko. Kisha kucha tupu, zikikwaruza ubao kutoka juu kwenda chini, polepole, zikaishia njiani. Jogoo alitapatapa sakafuni. Konstebo alikuwa ameacha kuandika.

"Kucha," alisema Isakwisa. "Pembeni ya ngoma za Faustin kucha hazisikiki, mzee. Zinasikika kwa mtu aliyeweka sikio juu ya mbao."

Shija alibaki amepiga magoti. Alipozungumza, alizungumza kwa utulivu wa fundi anayeeleza kazi yake.

"Walikuwa wameanza kutucheka, afande. Chunya walitucheka. Sanduku linafunguka, watoto wanacheka! Zamani wanawake walizimia. Bendi ya kutisha ikichekwa imekwisha, na mimi sina nyingine, nimezeekea mle. Nikasema safari hii agonge kweli. Aogope kidogo tu, watu wasikie mtu anayeogopa anavyosikika."

"Ukaziba matundu."

"Nikaziba."

"Ukaupandisha ubao."

"Kidole kimoja."

"Ukaja kusikiliza."

"Nikaja. Upande wa kichwani balbu haifiki." Alipapasa kipara chake. "Ilikuwa nzuri, afande. Tangu mwaka wa sitini na moja sijasikia kama ile. Hata mimi sikuwahi kugonga vile."

"Ukamsikia anaomba kufunguliwa. Evarista yuko palepale na ufunguo, ungemgusa bega tu. Kwa nini hukumgusa?"

Shija alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Wimbo ulikuwa haujaisha," alisema.

Isakwisa alimsomea maelezo yake, Shija akaweka sahihi. Alipokuwa anapelekwa ndani aliomba jogoo apelekwe kwa Mama Matilda. Isakwisa alimpeleka mwenyewe, kwa kuwa kuna habari ambazo mtu hazitumi kwa konstebo. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, amemshika jogoo mikononi. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama maneno yale aliyoyachekea asubuhi yalikuwa ndiyo yenyewe. Isakwisa akasema ndiyo.

Jumamosi mchana alikuwa Mbeya. Mkuu wa upelelezi aliyasoma maelezo mara mbili, akaguna, akatia sahihi hati ya kumwachia Evarista bila kuomba radhi kwa mtu yeyote. Isakwisa alikwenda mahabusu na askari mwenye funguo. Msichana alikuwa amejikunyata pembeni, magunia ya jukwaani bado mwilini, majivu yamebaki kwenye mikunjo ya shingo.

"Uko huru," Isakwisa alimwambia. "Ni Shija. Amekiri."

Evarista alilia kwanza, kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Isakwisa, akataka kumshika miguu. Isakwisa akamzuia. Alikuwa na swali la kumuuliza kama shahidi, na swali lenyewe lisingeweza kungoja mahakamani, ambako angelisikia likisomwa mbele ya umati.

"Wimbo ulipokuwa unaendelea, ulisikia jina lako likiitwa?"

"Jina langu? Na nani?"

Isakwisa aliangalia kufuli lililokuwa mkononi mwa askari, na hilo likamjibu.

"Alikuwa ananiita?"

"Shija alisikia. Alikuwa anasema, 'Eva, kufuli.'"

Mkono wa msichana ulipanda polepole shingoni, mahali uliponing'inia ufunguo kabla polisi hawajauchukua kama kielelezo. Alipapasa palepale kwa muda.

"Mimi nilikuwa nacheza," alisema. "Ile sehemu ya mwisho huwa nalizunguka sanduku. Nalipigapiga kwa kiganja, watu wanapenda. Alikuwa ananisikia, afande? Kiganja changu, alikuwa anakisikia?"

"Sijui," alisema Isakwisa, na lilikuwa jibu la uongo.

Evarista alitikisa kichwa kukubali. Kisha akarudi nyuma mpaka ukutani, akaketi chini palepale alipokuwa ameketi wiki nzima, akakunja miguu.

"Funga," alimwambia askari.

Askari, kufuli mkononi, alimgeukia Isakwisa kuuliza afanye nini.

"Usifunge," alisema Isakwisa. "Acha wazi."

Mlango ulibaki wazi mpaka jioni, na msichana hakutoka.